Orodha ya basari ibandikwe ukutani pia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ninaloliona kila siku ya kazi katika duka langu dogo la kompyuta hapa Langoni, Lamu. Nimo katika kazi hii tangu 2011. Natoa kopi, napiga chapa, najaza fomu. Lakini kazi yangu kubwa ambayo haimo kwenye bango la bei ni kuwatafutia watu habari. Wanakuja na swali, nami nahangaika na mashine mpaka jibu lipatikane. Kwa miaka yote hiyo nimejifunza namna watu wanavyotafuta, na ninaona wanaotupangia habari hawajakaa na mtafutaji hata siku moja.

Mwezi wa pili mwaka huu alikuja mama mmoja kutoka Kizingitini, kisiwa cha Pate. Nilimkuta ameketi barazani nje ya duka, mwavuli na kikapu pembeni, kabla sijafungua kufuli. Boti ya kwao huondoka kwa kufuata maji, na siku hiyo maji yalijaa alfajiri. Akaniambia, "Dadangu, nitazamie jina la mwanangu kama limetoka." Alikuwa anazungumzia basari, yaani msaada wa karo, ya shule ya upili.

Zamani orodha ya basari ilichapishwa ikabandikwa ukutani penye ofisi inayohusika, na nakala nyingine ikapigiliwa misumari kwenye ubao wa matangazo pale gatini. Mwaka huu ofisi hiyo, ambayo sitaitaja, iliiweka kwenye tovuti yake tu. Anayekwenda kuuliza anaambiwa aingie mtandaoni.

Nikaingia. Orodha ilikuwa faili la PDF lenye kurasa 61. Nikafungua kisanduku cha kutafutia, nikaandika jina la msichana, nikabonyeza. Hakuna. Nikaandika jina la baba, hakuna. Nikaandika "Kizingitini", kijiji kizima, hakuna. Hapo nikajua tatizo. Mtu alizichukua karatasi zilizokwisha chapishwa, akazipitisha kwenye skana, akapandisha picha zake. Mimi na wewe tukiitazama picha hiyo tunaona majina. Kompyuta haioni herufi hata moja, inaona weupe na weusi tu. Kisanduku cha kutafutia kipo juu ya ukurasa kama kawaida, kinakubali neno lako, kinakujibu kuwa halipo. Asiyejua atakwenda zake akiamini mwanawe hakupata.

Tukasoma mstari kwa mstari. Orodha haikupangwa kwa alfabeti, wala kwa wadi, wala kwa shule. Ilipangwa kwa nambari za maombi, na nambari hiyo mama hakuwa nayo, kwa sababu kipande cha karatasi alichopewa alipoomba kilikuwa na mhuri peke yake. Mimi nilisoma kwa kidole juu ya kioo, yeye akasikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Tulikaa karibu saa mbili. Wateja wengine wakaja wakasimama nyuma yetu, wakaanza kutafuta majina ya watoto wao pia.

Tukalipata ukurasa wa 47. Nyumbani msichana anaitwa Mwanaesha. Shuleni wameandika Mwanaisha. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwana Aisha, maneno mawili, na ofisi imefuata cheti. Hata kama faili lile lingekuwa na herufi zinazotafutika, kisanduku kisingempata, maana kwake hayo ni majina matatu ya watu watatu. Sisi wa pwani twajua kuwa Athman na Athumani ni jina moja, Swaleh na Saleh, Fatma na Fatuma. Jicho na sikio la mtu wa hapa hulijua jina hata likivaa nguo nyingine. Mashine inahesabu herufi.

Basi jina lilikuwemo. Chini ya ukurasa wa mwisho paliandikwa kwamba aliyefaulu alete barua ya shule na nambari ya akaunti katika siku 14. Siku hizo zilikuwa zimekwisha siku nne nyuma. Mimi ndiye niliyemwambia. Hakulia wala hakulalamika. Aliniuliza swali moja, "Ilibandikwa wapi?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku ile. Katika siku zile 14 mama huyu alikuja Lamu mara mbili kuuza mikeka, na mara zote mbili, aliposhuka botini, alikwenda kuutazama ule ubao wa gatini. Alikuta tangazo la zamani la chanjo ya punda. Alifanya kila alichofundishwa kufanya, akatafuta pale ambapo habari hiyo imekuwa ikiwekwa miaka yote, na hakuna aliyeacha hata kijikaratasi cha kusema kuwa imehamishwa. Msichana alikaa nyumbani wiki tatu mpaka mjomba wake aliyeko Mombasa alipotuma pesa.

Mhariri, mimi si adui wa mtandao, ndio unaonilisha. Kila anayeshindwa na tovuti huja kwangu na shilingi 50 mkononi. Lakini nataka ieleweke kuwa ukuta ulikuwa na ustadi wake. Ubaoni unakuta hata usichokitafuta. Unakwenda kwa ajili ya basari, jicho linaangukia tangazo la kliniki ya macho. Mtu asiyejua kusoma husimama nyuma ya anayejua akasomewa. Jirani akiliona jina la mwana wa jirani, habari hufika Kizingitini kabla ya mwenyewe. Wengine hutia kidole chini ya jina, wakaacha alama ya jasho, na anayefuata anajua hapa pameshasomwa. Kisanduku cha kutafutia hakina hata kimoja cha hayo. Kinakutaka uje umeshajua neno.

Na neno ndilo kikwazo. Mzee anakuja ananiambia, "Nitafutie habari za pesa za wazee." Nikiandika hivyo napata mchanganyiko wa kila kitu. Lazima mimi nijue kwamba mpango wenyewe unaitwa Inua Jamii, niandike jina hilo, na ukurasa niliofungua siku hiyo ulikuwa wa Kiingereza kitupu, mzee ameketi ubavuni. Mama anayetaka cheti cha mtoto aliyezaliwa nyumbani miaka tisa iliyopita husema "karatasi ya kuzaliwa ya mtoto mkubwa". Ofisi husema "usajili uliochelewa". Mama hajioni amechelewa. Kwake mtoto alizaliwa wakati wake, na cheti hakikuhitajika mpaka shule ilipokidai. Atalifikiriaje neno "uliochelewa" ili aliandike?

Nilisomea ukutubi, yaani kazi ya maktaba, mwaka mmoja Mombasa nikiwa msichana, kabla ya kurudi nyumbani. Tulifundishwa mpango wa nambari wa Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876, ambao maktaba nyingi duniani huutumia kupanga vitabu rafuni. Katika mpango huo Kiingereza kina 420 yake, Kijerumani 430, Kifaransa 440. Lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zimekusanywa chini ya 496. Nilimuuliza mwalimu kwa nini, akasema aliyepanga alipanga kwa kile alichokuwa akikiona yeye. Jibu hilo halijanitoka. Kila menyu na kila kisanduku kina mtu aliyeketi akaamua kipi kitangulie na kiitwe nani. Mtu huyo akiwa hajui tunavyoviita vitu, tutapotea katika mpango wake hata tukiwa na akili timamu.

Wiki hizo hizo alikuja bibi mmoja wa Mkomani, umri wake wapata miaka 80, na simu kubwa aliyotumiwa na mjukuu aliyeko Jeddah. Kwenye fomu zote bibi huyu ameandikwa kuwa hajui kusoma. Si kweli. Anasoma na kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kama walivyofundishwa wengi wa rika lake chuoni, yaani madrasa, na barua zake kwa nduguye zimo sandukuni mpaka leo. Nikamtilia kibodi ya Kiarabu. Akafurahi, akaanza kuandika "dawa ya presha". Akasita. Herufi ya "p" haimo kwenye kibodi ya Kiarabu, kwa kuwa Kiarabu hakina sauti hiyo, wala ya "ch". Nikatafuta kibodi ya Kiurdu, ambayo inazo zote mbili. Akaandika vizuri kabisa, mwandiko ambao marehemu babangu angeusifu. Mashine ikamletea kurasa za Kiarabu, na nyingine za Kiajemi. Haikujua kwamba aliyeandika ni Mswahili anayeuliza kwa Kiswahili.

Tukajaribu sauti. Google iliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwezi wa nane mwaka 2017, na kwa watu wengi hiyo imekuwa neema, sitaki kuikana. Bibi akaisogeza simu mdomoni akasema, "Kitwa chaniuma, na mato yafanya kiza." Simu ikaandika "kitu chaniuma". Mato haikuyaandika kabisa. Akasema tena, ikaandika vile vile. Mara ya tatu akanyoosha mgongo, akasema polepole, "Kichwa kinaniuma, na macho yanafanya giza," kwa sauti ile anayoizungumzia na mgeni wa bara. Hapo ikamwelewa. Alipata alichokitaka, na nilimhimiza aende hospitali akapimwe presha, akaenda. Lakini nilimwona jinsi alivyobadilika kuwa mgeni ndani ya lugha yake ili mashine imsikie. Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kimetungiwa tenzi kabla hakijawepo hicho Kiswahili sanifu.

Shangazi yangu naye ana njia yake. Ana miaka 74 na simu ya kabambe, ile ya vitufe. Kila mwezi hununua tokeni za stima kwa kubonyeza nyota na reli. Njia hii naithamini sana. Haihitaji bando, inafanya kazi kwenye simu ya bei ndogo, na inakuonyesha kilichopo badala ya kukulazimisha ukitaje. Udhaifu wake ni kwamba ujumbe mmoja hauzidi herufi 182, kwa hiyo menyu hukatwakatwa vipande, na ukichelewa kujibu laini inakatika unaanza upya. Shangazi hasomi vipande hivyo. Amehifadhi njia moyoni kama anavyohifadhi vichochoro vya kutoka kwake mpaka msikitini. Mbili, kisha moja, kisha nne, kisha nambari ya mita aliyoiandika kwa kalamu nyuma ya mlango.

Siku moja kampuni husika ikaipanga menyu upya bila kumwambia mtu. Kilichokuwa nambari nne kikawa nambari sita, na kwenye nne wakaweka bando la intaneti. Shangazi akabonyeza kama kawaida, akalipa shilingi 200, akanunua intaneti kwa simu isiyojua intaneti ni nini. Usiku ule alikaa gizani. Pesa hazikurudi. Kuanzia hapo ameacha kujiamini, kila mwezi hunipigia simu nije nisimame karibu naye abonyeze. Waliohamisha ile nambari labda waliona ni jambo dogo. Hebu fikiria uamke asubuhi ukute Msikiti wa Riyadha wa hapa mjini umehamishiwa kijiji cha Shela, nawe unaambiwa ungeusoma tu ujumbe.

Baharini pia mambo ni hayo. Mpwa wangu ana miaka 19, ndiyo kwanza ameanza kushika msukani. Majira ya tanga mbili, pepo zinapobadilishana, alitazama programu ya hali ya hewa akaona mshale umeelekea kaskazini, akasema leo kaskazi. Sisi upepo twaupa jina la unakotoka. Programu nyingi huchora mshale kuonyesha unakokwenda. Mshale wa kaskazini ulikuwa ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Nahodha wake alimrekebisha kabla hawajafungua kamba, alhamdulillahi. Nahodha huyo bado hubeba kijitabu cha maji kujaa na kupwa ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu, asema, jua la saa sita halifuti karatasi kama linavyofuta kioo cha simu.

Vijana hawana shida ya kisanduku, wao huuliza programu za kujibu maswali kama wanavyoongea na rafiki. Nina wasiwasi mmoja tu hapo. Ukitafuta kwa njia ya zamani unapewa orodha, unaona nani amesema nini, unachagua. Ukiuliza programu hizi, mara nyingi unapewa jibu moja lililonyooka, halina mlango wa kutokea. Nimewaomba watoto wanaokuja dukani waulize pia, "Umelipata wapi?", kisha waende wakasome huko.

Narudi kwenye basari. Katiba ya 2010, Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, kwamba asiyeweza kuandika asaidiwe na afisa, na kwamba jibu litolewe ndani ya siku 21. Mama wa Kizingitini alikuwa na haki zote hizo siku alipokuwa akiutazama ubao wenye tangazo la punda.

Kwa hiyo mwezi wa tatu nilimwandikia afisa wa ofisi ile barua kwa Kiswahili, nikaitaja sheria, nikapeleka kwa mkono, nikagongewa mhuri wa kupokelewa. Niliomba mambo manne mepesi. Orodha itolewe kwa herufi halisi, si picha. Ipangwe kwa vijiji, kisha kwa alfabeti, na pembeni pawepo jina la shule, ili Mwanaesha ajulikane hata akiandikwa Mwana Aisha. Siku 14 zihesabiwe tangu orodha ifike visiwani, wala si tangu mtu apandishe faili Lamu. Na ibandikwe ukutani pia. Neno "pia" nililipigia mstari. Sikuomba tovuti ifungwe. Wapo watoto wa Lamu walioko Nairobi na Mombasa wanaoihitaji, na wapo wasioona ambao simu huwasomea maandishi, nao vilevile hupata shida kusomewa picha ya karatasi.

Siku 21 zimepita, na nyingine nyingi juu yake. Sijapata jibu, ndiyo maana nimekuja kwako, Mhariri. Najua ofisini gazeti husomwa.

Nikiambiwa hakuna fedha za kuchapisha, hilo nimeshalifikiria. Ubao wa gatini upo na misumari yake bado imo. Orodha ijayo ikiwa tayari, niletewe faili kwa kijiti cha USB au nitumiwe kwa baruapepe, anwani yangu wanayo kwenye ile barua. Nitaichapisha kwa herufi kubwa, nakala moja ya Lamu, moja ya Mokowe, moja ya Faza, moja ya Siyu, moja ya Kizingitini. Karatasi na wino ni juu yangu. Nakala za visiwani nitamkabidhi nahodha mwenyewe, ndani ya mfuko wa nailoni, na yule mama nimeshamwambia azipokee pale kwao boti ikifunga.

Mwenye duka la kompyuta,
Langoni, Lamu